Jinsi ya kulinganisha mifumo ya vyombo vya habari ya nchi jirani: mwongozo kutoka Tanga

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kilomita 65, na kabla hujaufikia mpaka redio ya gari huwa imeshaanza kunasa vituo vya Mombasa na Kwale. Mimi huanzia hapo, kwenye kinachosikika na kusomwa, ingawa wengi huanzia kwenye orodha za kila mwaka zinazozipanga nchi kwa uhuru wa habari. Orodha hizo zitakuambia nani yuko juu ya nani. Hazitakuambia gazeti linafungiwa na nani, kwa hati gani, na kwa muda gani.

Hatua ya kwanza ni kuainisha unachokilinganisha. Mara ya kwanza nilipochora jedwali langu la kulinganisha nchi niliujaza mstari wa Tanzania kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, nikaridhika. Mzee mmoja wa Kipemba, aliyekuwa akisubiri boti pamoja nami, alilitazama akaniuliza kwa upole, "Na sisi, mwanangu, umetuweka wapi?" Sheria ile ni ya Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina sheria yake ya magazeti ya 1988, Tume yake ya Utangazaji, shirika lake la utangazaji, ZBC, na gazeti lake la serikali, Zanzibar Leo. Tangu siku hiyo Tanzania ina mistari miwili katika jedwali langu.

Hatua ya pili ni kuzisoma sheria kwa swali moja tu: kabla ya kuchapisha, unahitaji ruhusa ya nani? Bara, gazeti linahitaji leseni ya Idara ya Habari (MAELEZO), nayo huhuishwa kila mwaka. Kenya, Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inaruhusu leseni za utangazaji kwa ajili ya kusimamia masafa, na inataka zisidhibitiwe na serikali wala wanasiasa. Usiishie kwenye maandishi ya sheria: Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya sheria yetu ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, na sheria yenyewe ikarekebishwa mwaka 2023. Kwa hiyo andika mwaka ndani ya kila kisanduku.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoitegemea kuliko zote, nayo ni kumshika mmiliki mmoja na kumfuata nchi kwa nchi. Kampuni ya Nation Media Group ya Nairobi imekuwa na Mwananchi kwetu, Daily Monitor Uganda, na Taifa Leo pamoja na televisheni ya NTV Kenya. Mmiliki akiwa yule yule, tofauti utakazoziona haziwezi kuelezwa kwa umiliki peke yake. Mei 2013 polisi wa Uganda waliizingira Monitor kwa siku kumi, wakitafuta barua ya jenerali mmoja iliyochapishwa gazetini. Septemba mwaka huo huo serikali ya Tanzania ililifungia Mwananchi siku 14 kwa Sheria ya Magazeti ya 1976, na polisi hawakuhitajika, kwani tangazo la serikali lilitosha. Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi", serikali ya Kenya iliizima mitambo ya NTV na vituo vingine, ilhali magazeti ya kampuni hiyo hiyo yaliendelea kuchapishwa. Mahakama Kuu iliamuru vituo virudishwe hewani, lakini amri hiyo haikutekelezwa papo hapo. Katika safu ya "nani hufunga" utaandika polisi, wizara, na mamlaka inayosimamia masafa. Safu hiyo moja imenifundisha mengi kuliko orodha yoyote ya nafasi.

Safu ya "serikali au binafsi" nimeifuta kabisa. Vision Group ya Uganda, inayochapisha New Vision na Bukedde, inauza hisa katika soko la hisa la Kampala huku serikali ikiwa na hisa nyingi kuliko wote. Utaiweka upande gani?

Hatua ya nne ni lugha. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka. Wa kule wanaweza kufungulia redio inayotangaza kwa lugha za Kimijikenda. Wa huku kwetu, yaani Mkinga na Tanga, hutangaziwa kwa Kiswahili. Ni watu wa ukoo mmoja, tena huoana, lakini mikondo yao ya habari ni miwili.

Hatua ya mwisho inataka rula. Nunua magazeti ya siku moja kutoka kila nchi, uyatandaze mezani, kisha upime kwa sentimita kila tangazo la biashara, zabuni na nafasi za kazi, ukiandika pembeni aliyelilipia. Mimi hutumia kalamu nyekundu kwa wizara, mashirika ya umma na halmashauri, na ya bluu kwa kampuni. Usichague sikukuu ya taifa, maana siku hiyo kurasa hujaa salamu za pongezi na wekundu wote unaouona ni wa siku moja. Chukua Jumanne au Jumatano ya kawaida, urudie wiki nne mfululizo, ndipo ujaze safu ya "nani hulipa".