Jinsi ya kutoa mafuta ya trans jikoni kwako kabla hujalazimishwa na sheria

Kama una hoteli, kibanda cha chipsi ama meza ya rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) hapa Uganda, iwe Wandegeya, Kisenyi ama Arua, hii ni yako, na we mteja pia soma manake moyo ni wako. Mi naunga mkono kabisa sheria ya kukataza mafuta ya trans, mahoteli yalazimishwe kuyaacha, kwa sababu mteja akikaa mezani kopo la mafuta halioni, anaona chapati tu.

Mengi ya haya mafuta yanatoka kiwandani, wanachukua mafuta ya maji wanayapitishia haidrojeni nusunusu ili yagande na yakae muda mrefu bila kuharibika. Ukiyala yanapandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri, mishipa ya moyo inaanza kuziba. WHO, shirika la afya duniani, wanataka yasizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta, na Denmark waliweka kipimo hicho tangu 2003.

Anza na kopo. Geuza usome zile herufi ndogo za nyuma, ukikuta "partially hydrogenated", yaani yamepitishiwa haidrojeni nusunusu, rudisha dukani, hata kama mbele wameandika halina kolesteroli, hiyo ni habari nyingine kabisa. Na kama bidhaa imetoka Marekani imeandikwa trans sifuri, jua kule chini ya nusu gramu kwa kila kipimo cha mlo inaruhusiwa kuandikwa sifuri, so amini viambato kwanza. Mafuta ya kupimiwa je? Mwambie mwenye duka akuonyeshe jerikeni yenyewe na lebo yake, akizungusha maneno nenda duka lingine.

Sasa chapati, hapa ndo wapishi wengi wanagoma, eti bila mafuta ya kuganda inakuwa ngumu. Si kweli jamani. Chukua unga kilo moja, chumvi, maji ya uvuguvugu, vijiko vitatu vinne vya mafuta ya alizeti (kaskazini huko Lira yanakamuliwa mengi), kanda mpaka donge liwe laini kuliko ulivyozoea, karibu linate mkononi, funika nusu saa. Sukuma, paka mafuta kidogo, kunja mviringo kama konokono, acha lipumzike dakika 10 ndo usukume tena uchome kwa moto wa kati. Zikitoka zipange moja juu ya nyingine, funika na kitambaa safi, ule mvuke wake wenyewe ndo unazilainisha, na moto mdogo sana ndo unazikausha watu wanasingizia mafuta.

Mawese yanaganda yenyewe bila haidrojeni, kwa hiyo si kila kinachoganda ni trans, ila nayo yanapandisha kolesteroli, usiyatumie mengi.

Kwenye chipsi na sambusa, mafuta yakitoa moshi yamepita kiasi, punguza moto. Chuja kila ukimaliza, na usiongeze mapya juu ya ya juzi, mafuta yanayochemshwa tena na tena yanaharibika na hata trans kidogo inajitengeneza humo. Yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu, mwaga.

Wanaosema sheria itaua biashara waangalie jiji la New York. Walipitisha 2006, mafuta ya kukaangia na ya kupaka wakapewa mpaka Julai 2007, vitu vya unga vya kuoka na kukaanga kama donati wakaongezewa mwaka mzima mpaka Julai 2008 ili wapishi wapate kuzoea, na kila mgahawa ukatakiwa kutunza lebo za mafuta yake mkaguzi akija azione. Kwetu naona hivyohivyo inafaa, ila ianzie viwandani na mipakani, Busia na Malaba, UNBS, shirika la viwango la Uganda, wapime kabla kopo halijafika sokoni, manake mama wa mandazi hana maabara, ana lebo tu, na hiyo lebo lazima iwe inasema ukweli.