Ncha za Misumari ya Bati Darini: Namna ya Kuziondolea Hatari Bila Kuharibu Paa

Fedha za korosho zinapoingia mikononi, nyumba nyingi za Mtwara huezekwa upya haraka haraka ili mvua za Desemba zisizikute wazi, na katika haraka hiyo hubaki jambo ambalo mwenye nyumba halioni mpaka siku atakapopanda darini: safu za ncha za misumari zilizotokeza chini ya papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, usawa wa kichwa cha mtu aliyeinama. Mimi nina kovu utosini nililolipata katika nyumba moja ya Shangani, pale popo aliponipitia usoni nami nikainua kichwa ghafla. Tangu siku hiyo siingii darini ila kwa utaratibu huu.

Kwanza ifahamike kwamba msumari uliopenya papi na kutokeza upande wa pili si kosa, kwa kuwa huo ndio unaolishika bati kusi inapovuma kutoka baharini. Anayeupiga nyundo kutoka chini ili urudi juu huinua kichwa cha msumari, mpira wa kuzibia huachana na bati, na mvua ya kwanza humwonyesha alichokifanya. Kwa hiyo tunashughulika na ncha tu, msumari wenyewe tunauacha kazini.

Hatua ya 1: Maandalizi. Ingia kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kwa sababu baada ya hapo joto chini ya bati humlegeza mtu, na aliyelegea hujigonga. Zima umeme kwenye swichi kuu. Kuzima taa ya ukutani hakutoshi, maana waya uliopitishwa juu ya papi huweza kuwa umetobolewa na msumari, na hapo paa zima huweza kuwa na umeme. Ukiuona waya umegusana na msumari, shuka umwite fundi umeme. Vaa kofia ngumu, miwani ya kazi, barakoa, glavu za ngozi na viatu vya soli nene, na utumie tochi ya kufunga kichwani. Nimewaona wenzangu wakijifunga kanga kichwani badala ya kofia; kanga haizuii msumari, huficha damu tu. Kama pana kinyesi cha popo, kinyunyizie maji kabla ya kukigusa, kwani vumbi lake huweza kubeba ukungu unaodhuru mapafu.

Hatua ya 2: Njia ya kupita. Dari la jipsamu halibebi mtu. Laza ubao imara juu ya mbao za chini za kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) mbili au tatu, kisha uuhamishe kadiri unavyosonga.

Hatua ya 3: Kuitenga misumari. Mulika safu moja baada ya nyingine na utie alama ya chaki. Ncha ndefu zisizo na kutu kali zipe alama moja, fupi au zilizoliwa na kutu alama nyingine. Misumari iliyoikosa papi kabisa, inayoning'inia pembeni mwa ubao na mara nyingi ikiwa na mchirizi wa maji, ipe alama ya tatu: hiyo haishiki kitu, na inavujisha. Ing'olewe kutoka juu ya bati siku kavu isiyo na upepo, tundu lizibwe kwa silikoni ya mabati, na msumari mpya upigwe juu ya mgongo wa bati mahali papi ilipo.

Hatua ya 4: Kuzima ncha. Iliyotokeza sentimita 2 au zaidi ikunje kwa kuivika kipande cha bomba jembamba la chuma na kukilaza taratibu, ukikatiza nyuzi za mbao badala ya kuzifuata. Bomba hupinda ncha bila kuusukuma msumari juu, na msumari uliokunjwa hivyo hung'oka kwa shida zaidi kuliko ulionyooka. Ule ulioliwa na kutu usiukunje, utakatika. Huo, pamoja na zile fupi, uvike kipande cha mpira wa tairi kuukuu, unene wa katambuga, ukisukume mpaka ncha izame ndani bila kutokea upande wa pili. Nilijaribu vipande vya kandambili, vikalegea kwa joto na kudondoka. Grinda siitumii darini: cheche zake huangukia vumbi, viota na nyuzi kavu, na huunguza rangi ya bati.

Hatua ya 5: Rangi. Huku pwani chumvi ya hewani hula chuma upesi, hivyo sugua kwa brashi ya waya sehemu zilizobaki wazi na uzipake rangi ya kuzuia kutu.

Msumari ukikuchoma, osha jeraha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, usipake kahawa wala majivu, na uende zahanati siku hiyo hiyo. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo hata msumari unaong'aa huweza kuvibeba. Mweleze mhudumu chanjo yako ya mwisho ilikuwa lini, kwani kwa jeraha chafu la kuchomwa, miaka 5 tangu chanjo hiyo inatosha kuhitaji nyingine.

Kwa anayeezeka upya, tatizo hupunguzwa dukani. Mgongo wa bati la kawaida una kimo cha karibu milimita 18. Papi ya inchi 2 ikiwa kamili ni milimita 50. Msumari wa inchi 3 ni milimita 76, kwa hiyo ncha itatokeza milimita 8 hivi. Lakini papi inayoitwa ya inchi 2 mara nyingi hutoka msumenoni ikiwa na milimita 40, na hapo ncha hufika milimita 18. Kwa sababu hiyo mimi hupima papi tatu au nne za mzigo kwa tepu kabla ya kutaja urefu wa msumari, hata kama mwenye duka ananuna.