Kiangazi, mashudu kwanza: ninavyolisha maksai wangu Magu

Mwezi wa nane ngitili yangu, yaani malisho niliyoyatenga kwa ajili ya kiangazi, huwa bado ina nyasi, tena nyingi, ila zimekauka. Miaka ya mwanzo maksai walikuwa wanazidokoa kidogo kisha wanasimama. Nikadhani hawashibi, nikawanunulia pumba za mahindi, gunia baada ya gunia. Migongo ilibaki imechongoka na nyasi zikabaki palepale. Hasara ile bado inaniuma.

Kilichopungua ni protini. Nyasi humeng'enywa na vijidudu vilivyomo kwenye tumbo kubwa la ng'ombe, na vijidudu hivyo navyo vinahitaji chakula chao. Protini ya nyasi ikishuka chini ya takribani asilimia 7, vinadhoofu, majani yanakaa tumboni muda mrefu, na mnyama anakosa nafasi ya kula mengine. Pumba ni wanga zaidi. Ukizimwaga nyingi, nyasi zinameng'enywa kwa shida zaidi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, angalia kinyesi. Mimi asubuhi napita zizini na fimbo. Kikiwa kimetandaa laini, naendelea na shughuli zangu. Kikiwa kimesimama kikavu, tabaka juu ya tabaka, nakivunja. Nikikuta vipande virefu vya nyasi ndani, siku hiyohiyo natafuta mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua mafuta, maana ndiyo yenye protini.

Huku kwetu Usukumani pamba inalimwa, basi mashudu ya pamba ndiyo ya karibu. Ya alizeti nayo yanafaa. Usinunue gunia kwa kutazama mdomoni tu: ingiza mkono hadi katikati, toa konzi, nusa. Yakiwa na unyevu au ukungu, yaache hata kama bei ni ya kutupa. Yenye maganda mengi yana protini kidogo, kwa hiyo utahitaji kuongeza kipimo.

Maksai wa kilo 250 nampa kilo 1 kwa siku. Pima kwa mizani mara moja, weka alama kwenye kopo, halafu tumia kopo hilo. Anza na robo yake, upande taratibu kwa wiki nzima. Ukikosa kijana wa kulisha kila siku, gawa ya wiki katika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kilo 2 na ushee kila mara. Matokeo hayapishani sana, na hori likijaa hata mnyonge anapata. Ndama wadogo usiwape mashudu ya pamba, yana sumu wasiyoiweza. Maji na chumvi visikosekane. Na kama nyasi zimekwisha kabisa, mashudu peke yake hayatakuokoa.

Mwenye majani ya mpunga anaweza kuyaongezea nguvu kwa urea ya mbolea. Kwa kila kilo 100 za majani makavu, yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 60 za maji, hakikisha hakuna punje iliyobaki. Nyunyizia tabaka kwa tabaka, kanyaga, funika kwa turubai pasipite hewa. Ndoo ya maji hayo ifiche mbali: ng'ombe akiyanywa, anaweza kufa hata kabla hujampata daktari. Kile kipimo cha siku tatu kwa wiki nacho ni cha mashudu tu, urea usiifanyie hivyo. Siku ya 21 fungua, tandaza majani yapate hewa kutwa nzima mpaka harufu inayochoma macho ipungue, ndipo uwape, kidogo kwanza.