Jinsi ya kuwatambua wagonjwa Waaborijini kliniki bila kukisia sura

Hii nawaandikia wenzangu mnaofanya kazi mapokezi au unesi kwenye kliniki za madaktari wa kawaida hapa Australia. Tuko wengi sasa, kutoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania, na wengi wetu tulianza kazi bila mtu kutukalisha chini kutueleza hili jambo la kuwatambua Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia.

Mimi mwezi wangu wa kwanza alikuja mama mmoja mweupe, macho ya kijani, nikamwangalia usoni nikabofya "Hapana" kwenye kompyuta, pale panapouliza kama mgonjwa ni Mwaborijini, bila kumuuliza chochote. Mwaka mzima akawa ananunua dawa zake za kisukari bei kamili, wakati alistahili kupunguziwa. Siku moja nesi anampima presha akamuuliza, akajibu ndiyo, bibi yangu mzaa mama ni Mwiradjuri (moja ya jamii za Waaborijini), mbona hamjawahi kuniuliza? Ile "mbona" mpaka leo naisikia.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, na kama mengine yote utayasahau shika hili: uliza KILA mtu. Mweupe, mweusi, Mchina, Mhindi, mtu wa kwetu, mzee, kichanga. Rangi haikuambii kitu, na usidhani Waaborijini wako jangwani tu, jimbo lenye wengi kuliko yote ni New South Wales, lile la Sydney, na sensa ya 2021 ilihesabu watu 812,728 nchi nzima waliojitaja kuwa Waaborijini au watu wa Visiwa vya Torres Strait, wenyeji wengine wa asili, wa visiwa vya kaskazini mwa Australia.

Swali lipo tayari, usitunge lako: je, wewe una asili ya Aborijini au ya Visiwa vya Torres Strait? Majibu ni hapana, ndiyo Aborijini, ndiyo Torres Strait, na anayesema vyote viwili unaweka vyote viwili. Basi. Usiulize "unatoka wapi", sisi wenyewe tunajua hilo swali linavyochoma, sasa fikiria unamuuliza mwenye nchi. Usiulize nusu au robo, serikali zamani iliwagawa watu kwa mafungu ya damu hivyohivyo ikachukua watoto mikononi mwa mama zao, na waziri mkuu wa wakati huo, Kevin Rudd, alikuja kuomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008, juzi tu hapo. Watoto wale wengine ndio wazee waliokaa kwenye viti vyako vya kusubiri. Wala usidai karatasi ya kuthibitisha, kliniki anachosema mgonjwa kinatosha.

Ukiona anasita, mwambie kwa upole kwamba tunauliza watu wote ili kila mtu apate huduma anayostahili, halafu shusha sauti, usiulize foleni nzima ikisikia, kwenye fomu ni rahisi zaidi. Akikataa kujibu andika "hakutaja". Hapa watu wengi wanaharibu, wanaacha wazi au wanaweka "Hapana", na ile "Hapana" ikishaingia kwenye faili hakuna atakayeuliza tena.

Watoto uliza mmojammoja. Usimwangalie mama ukajaza, maana baba anaweza kuwa Mwaborijini, na mama akawa hata Mburundi mwenzetu.

Sasa jibu likiwa ndiyo usiliache limelala kwenye faili, hapo ndipo kazi inaanza. Mwambie daktari, mpangie uchunguzi wa afya wa namba 715 ya Medicare (bima ya afya ya serikali), baada ya huo nesi anaweza kumfuatilia mpaka mara 10 kwa mwaka. Sindano ya mafua ni bure kuanzia miezi 6. Hatari ya moyo inapimwa kuanzia miaka 30, mapema kuliko watu wengine. Halafu dawa: kama anafaa, muombe ridhaa, daktari amsajili kwenye mpango wa kupunguziwa bei unaoitwa Closing the Gap, anayelipa bei kamili atalipa ile ndogo ya wenye kadi ya punguzo ya serikali, mwenye kadi kwa kawaida halipi kitu. Tangu Julai 2021 usajili unakaa kwenye mfumo wa Medicare, kwa hiyo famasi wanauona wenyewe. Tena mgonjwa anajiandikisha mara moja tu.

Mafaili ya zamani je? Toa orodha ya wote ambao sehemu ile iko wazi, weka alama, wakija tu uliza. Na zile "Hapana" za zamani uliza tena unapohakiki anwani na simu, watu wengine wamejua asili yao ukubwani.

Yule mama nilimuomba radhi palepale dirishani, daktari akamsajili siku ileile. Wiki iliyofuata alirudi na wanawe wawili, nikawauliza kila mmoja kivyake.