Kuunda manjaniki ya Xiangyang na kuitumia ufukweni

Kwa darasa la historia, kielelezo hiki kinafaa kuliko picha. Manjaniki yenyewe, mtambo wa kurushia mawe, iliundwa na Ismail na Ala al-Din, mafundi Waislamu waliopelekwa kutoka Uajemi kwa Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia waliouzingira mji wa Xiangyang, China. Wachina walikuwa na zao tangu zamani, lakini zilivutwa kwa kamba na kundi la watu. Hii huvutwa na uzito peke yake.

Tafuta ubao mgumu wa mita 1, unene sentimita 4. Mabaki ya seremala yanatosha, usiende kukata mikoko. Toboa sentimita 20 kutoka ncha moja, upitishe nondo. Ilaze nondo juu ya miguu miwili iliyofungwa kwa kamba ya usumba, iwe sentimita 50 kutoka chini.

Kwenye mkono mfupi ning'iniza kiroba cha mchanga, kilo 4. Kining'inie kweli! Ukikikaza kwenye ubao hakishuki wima, na kiunzi kizima hutikisika.

Kazi ngumu ni teo. Kata kipande cha kanga cha ukubwa wa kiganja, ukitie kamba mbili za sentimita 60. Moja ifunge kwenye ncha ya mkono mrefu. Nyingine itie kitanzi, ukivishe kwenye msumari uliokatwa kichwa, uliochomoza ncha hiyo hiyo. Jiwe letu ni ndimu.

Ndimu ikipaa juu tu au kurudi nyuma, kitanzi kimechomoka mapema: pinda msumari kidogo kuelekea mbele. Ikijipiga mchangani hapo hapo, umepinda kupita kiasi. Fyatua kwa uzi wa mita 3, ukiwa ubavuni. Mbele na nyuma asisimame mtu.

Rusheni maji yakishatoka, mchanga tambarare uoneshe kila ndimu ilipoangukia. Chora mchangani mto Han, Xiangyang kusini, mji wa Fancheng kaskazini, na daraja kati yao. Kabla ya kurusha, wanafunzi wazungushe ngome za Wamongolia na mashua zao mtoni, maana mzingiro ulianza 1268 na manjaniki ilikuja mwishoni kabisa. Wasioona hilo hudhani jiwe lilimaliza kila kitu.

Piga Fancheng kwanza. Ulianguka mwanzoni mwa 1273, ndipo mitambo ikageuziwa Xiangyang. Jiwe likapiga mnara kwa kishindo kama radi, na jemadari wa mji huo, Lü Wenhuan, akasalimu amri.