"Put off" si kuvua: jinsi ya kuisoma usikose usaili

Mdogo wangu anayekaa Mbagala alitumiwa ujumbe kwamba usaili wake wa Posta "has been put off until Thursday". Akajua umefutwa, akarudi zake Kariakoo kubeba mizigo. Jumatano jioni ndipo akanionyesha simu. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1. Nakili sentensi nzima kwenye daftari. Daftari, siyo programu ya kutafsiri. Hizo mimi siziamini kwa kazi hii.

Hatua ya 2. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza kwenye "put", ushuke hadi mwishoni. Usihangaike na "off".

Hatua ya 3. Chagua maana. Hapa ndipo penye shughuli. Sisi tumezoea jozi: funga na fungua, ziba na zibua, vaa na vua. Ukishajua "put on" ni kuvaa, unaona "put off" lazima iwe kuvua. Siyo! Kwa Kiingereza cha leo, kuvua ni "take off". Nilipokuwa nafundisha tuisheni Temeke niliandika ubaoni "put off your shoes", nikabishana na mwalimu mwenzangu jioni nzima mpaka kamusi ikaniumbua.

"Put off" ni kupiga kalenda, kama kesi mahakamani: jambo lipo, siku imesogezwa. Kufuta kabisa ni "call off". Ukiona "until", tafuta siku mpya hapo hapo mbele yake. Ila akitajwa mtu baada ya "put", tulia kwanza. "The smell put me off" ni harufu ilinitoa hamu. Lakini "he keeps putting me off", hasa ikitoka kwa mtu anayedai hela zake, ni ananizungusha, kila siku njoo kesho. Habari nzima ya sentensi ndiyo inayoamua.

Hatua ya 4. Ukitaka kuitumia mwenyewe, "it" inakaa katikati: "put it off", kama -i- ndani ya "nimeiahirisha". "Put off it" hakuna. Kitenzi kikifuata kinachukua -ing: "I put off paying the rent".

Hatua ya 5. Wakati uliopita ni "put" vilevile.

Usiku ule ule akajibu kwamba atafika. Alhamisi saa moja na nusu asubuhi alikuwa ameshashuka kwenye mwendokasi Posta, amevaa shati langu.