Jinsi ya kupiga picha korongo alfajiri katika hifadhi ya Bosque del Apache

Kila majira ya baridi, maelfu ya korongo wa kijivu na mabata bukini weupe hukusanyika katika hifadhi ya Bosque del Apache, iliyoanzishwa mwaka 1939 kando ya mto Rio Grande, jimbo la New Mexico nchini Marekani. Picha nzuri hapa hutegemea zaidi kuwaelewa ndege kuliko ukubwa wa lenzi.

Hatua ya kwanza: fika kungali giza. Korongo hulala wamesimama katika maji ya kina kifupi, ambako adui anayewanyemelea husikika mapema, na kukipambazuka huondoka kwenda kula mashambani. Baridi hudhoofisha betri, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani.

Hatua ya pili, ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote: tambua mwelekeo wa upepo. Ndege hawa huruka wakiukabili upepo. Ukisimama ukiupa mgongo, watakuja upande wako. Ukivuma kutoka magharibi utalitazama jua linapochomoza, basi wapige kama vivuli vyeusi mbele ya anga jekundu.

Hatua ya tatu: soma shingo. Korongo anayetaka kuruka huinamisha mwili mbele na kunyoosha shingo, nawe hupata nafasi ya kumlenga. Bukini huweza kuinuka kundi zima ghafla, hivyo kamera ya pili yenye lenzi pana husaidia sana.

Hatua ya nne: panga kamera. Jua likishatoka, kasi ya shata (muda ambao kamera huachia mwanga uingie) ya 1/1600 ya sekunde hugandisha mabawa. Kabla ya hapo shusha hadi 1/15, umfuate ndege kwa mwendo wake, mabawa yatoke kama mpako wa brashi ya rangi. Bukini mweupe mbele ya mandhari meusi huunguzwa na kipimo cha mwanga cha kamera, yaani hutoka mweupe kupita kiasi. Punguza mwanga kidogo mpaka manyoya yaonekane.

Hatua ya tano: baki garini unapozunguka barabara ya hifadhi, kwa maana ndege hulizoea gari kuliko mtu anayetembea. Usiwashtue ili waruke, kwani kila mruko wa hofu hula mafuta ya mwili wanayoyahitaji kuvumilia baridi. Wakiacha kula na kuinua vichwa kwa pamoja, rudi nyuma. Droni haziruhusiwi kabisa.

Kabla ya kuingia chumba chenye joto, toa kadi ya picha, kisha uifunge kamera ndani ya mkoba hadi ipate joto polepole, mvuke usije ukageuka matone ya maji kwenye lenzi na ndani yake.